Fomu Isiyojua Mwezi

Katika diko moja kati ya Bunju na Bagamoyo, kumekucha lakini jua halijapanda, mashua za dagaa hurudi zimelala kwa mzigo. Kabla hazijatia nanga, kina mama karanga, wanawake wanaonunua samaki wa kukaanga na kuuza, wamekwisha kuingia majini, kanga zimefungwa juu ya magoti, ndoo mkononi. Ndoo ndiyo kipimo. Mnadi hutaja bei ya ndoo moja, huipandisha kwa sauti, huwatazama wanunuzi machoni mmoja mmoja, na ikifika pahala hapana wa kuongeza, mzigo umekwenda. Samaki wakubwa huuzwa kwa mafungu, au mmoja mmoja wakiwa wamelazwa mchangani: nguru huyu, kolekole yule. Neno kilo halisikiki.

Niliyaona hayo siku tatu baada ya kukabidhi mfumo wa kuandikisha samaki wanaoshushwa katika diko hilo. Kisanduku cha kwanza cha fomu niliyoitengeneza, kile ambacho ukikiacha wazi fomu inagoma kutumwa, kiliandikwa: uzito kwa kilo.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti na mifumo inayotumika kwa njia ya intaneti, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya katika miradi ya ukanda huu wa pwani. Mpango wa diko ulikuwa mzuri, na nasema hivyo kwa dhati. Nchi inahitaji kujua ni samaki kiasi gani wanatoka baharini, wa aina gani, kwa zana gani. Bila hesabu hiyo hakuna awezaye kusema bahari inachoka au inapumua. Kikundi cha usimamizi wa fukwe, BMU kama wanavyokiita wenyewe, kilipewa kishikwambi, na kijana mmoja wa kikundi akafundishwa kujaza fomu. Data ingekwenda kwenye seva, na ofisini Dar es Salaam wakubwa wangeiona ikiwa michoro ya rangi.

Suala la kilo lilichukua wiki moja. Nilikaa na kijana yule na mizani ya kuazima, tukapima ndoo za dagaa wabichi, zilizojaa hadi ukingoni na zile za kichuguu muuzaji akiwa na moyo mweupe, tukapata wastani. Nikaongeza kisanduku cha ndoo, na hesabu ya kuzigeuza kuwa kilo ikawa inafanyika yenyewe. Nikaondoka nikiamini mambo yamenyooka.

Mwezi wa pili mchoro wa ofisini ukaanza kuwa mwekundu. Kila mwezi, kwa siku kama kumi hivi, visanduku vya dagaa vilikuwa vitupu. Mfumo, kwa jinsi nilivyoupanga, ulimtumia kijana ujumbe wa kumkumbusha kila jioni, na zikitimia jioni tatu nakala ikaenda kwa msimamizi wake. Barua ya onyo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Niliomba nimpigie simu kwanza.

“Kaka, huku ni mbalamwezi,” akaniambia. “Dagaa hawavuliwi mbalamwezi. Tunangoja giza.”

Dagaa huvuliwa kwa taa. Mashua hutoka usiku, taa zikawashwa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga na kujikusanya chini yake, ndipo wavu unapozungushwa. Mwezi ukiwa umeiva, bahari yote ina mwanga, na taa ya mvuvi haina cha kuwaitia dagaa. Kwa hiyo siku hizo vyombo hupumzika. Nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, mabaharia wanakwenda kuwaona watoto wao. Kila mtoto wa diko analijua hilo. Na kuna jambo jingine ambalo kijana yule alinieleza bila kuulizwa: mwezi mpevu huja na bamvua, maji yakatoka mbali sana, miamba ikabaki wazi, na hapo ndipo watu wanapokwenda pweza kwa miguu, wanawake kwa wanaume. Zile siku nyekundu kwenye mchoro wangu zilikuwa siku za neema kwenye miamba. Pweza nilikuwa nimemweka chini kabisa ya fomu, chini ya neno “mengineyo”.

Nilirekebisha mfumo. Kalenda yake sasa inahesabu pia umri wa mwezi, na jambo hilo kwa mtengenezaji wa programu si gumu hata kidogo, ni hesabu ya jioni moja. Lakini mradi ulipofika mwisho, ripoti ya kufungia ilikuwa na sura ya changamoto, na kwenye sura hiyo mwaka mzima wa diko ulikuwa umebanwa katika mstari mmoja: uelewa mdogo wa walengwa kuhusu matumizi ya teknolojia. Ndoo hazikutajwa wala mwezi haukutajwa. Kijana aliyenifundisha bahari kwa dakika tano za simu akawa ndiye mwenye uelewa mdogo.

Usiku ule nilinunua daftari la kurasa mia mbili dukani kwa jirani na kuanza kuandika, kwa jina langu mwenyewe na kwa Kiswahili, kile kilichotokea. Sijaacha tangu siku hiyo.

Pwani hii ina mipango mingi kuliko sehemu nyingi nizijuazo, na nikiipitia naona kila mmoja umefika kana kwamba hakuna uliotangulia. Wajerumani waliweka makao makuu ya koloni lao Bagamoyo, na mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam, kwa kuwa ufuko wa Bagamoyo ni wa maji mafupi na meli hazisogei. Mbegani, kilomita chache kusini mwa mji, Norwe ilifadhili kituo kikubwa cha uvuvi kuanzia miaka ya 1970, chenye karakana na mafunzo ya uvuvi wa vyombo vya kisasa, huku wavuvi wengi wa pwani hii wakienda baharini kwa ngalawa na mashua za tanga. Leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Mbegani hiyo hiyo ndiko ilikopangwa bandari ya dola bilioni 10. Mkataba wa awali ulitiwa saini Machi 2013 wakati Rais Xi Jinping wa China alipozuru nchini. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akaeleza hadharani kwamba masharti yake hayakubaliki. Juni 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yanafufuliwa. Katika muda huo mashamba ya watu yalithaminiwa, minazi ikahesabiwa mti kwa mti.

Kaskazini ya mji, karibu na Hifadhi ya Saadani, kuna ardhi ya Razaba. Jina lenyewe ni ufupisho wa Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, na ilikusudiwa ng'ombe. Baadaye wakaja Waswidi na mpango wa miwa ya kutengeneza nishati, kisha miwa ya sukari, kisha serikali ikafuta hati mwaka 2016, na shauri likaishia kwenye usuluhishi wa kimataifa. Sehemu ya ardhi hiyo sasa ina kiwanda cha sukari cha wawekezaji wengine. Ardhi moja, na ndani ya miaka hamsini imeandikiwa michanganuo minne au mitano. Ningetoa kitu kikubwa kusoma daftari la mchungaji wa ile ranchi: wapi ng'ombe walikufa kwa ndorobo, wapi mto Wami ulipanda ukafunika malisho, kisima gani kilitoa maji ya chumvi. Mtu wa miwa angeanzia hapo.

Si kwamba hakuna aliyewahi kuandika vizuri. Katika fani yangu mwenyewe Bagamoyo ina nafasi ya heshima, ingawa watu wengi hawaijui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo walichagua wilaya za Bagamoyo na Kibaha kujaribia programu ya kompyuta ya kukusanya takwimu za afya, programu iliyokuwa imezaliwa Afrika Kusini katika miaka ya baada ya ubaguzi wa rangi. Huku kwetu takwimu hizo zilikuwa, na bado ziko, kwenye vitabu vikubwa vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Katika zahanati nyingi utavikuta vimepangwa mezani, majalada yamelegea, kila kimoja na namba yake. Muuguzi mmoja anatibu, anachoma sindano, anazalisha, kisha mwisho wa mwezi anakaa na kalamu kujumlisha vijistari. Watafiti wale waliandika waliyoyakuta: taarifa ile ile inaombwa na miradi tofauti kwa fomu tofauti, inapanda wilayani, mkoani na wizarani, na aliyeihesabu haioni tena. Waliandika hata mahali ambapo programu yao wenyewe haikufaa. Toleo la pili la programu hiyo, linalotumika kwa intaneti, lilifika mikoa yote ya Tanzania Bara kufikia mwisho wa 2013, na leo linatumika katika nchi nyingi duniani. Nimezisoma baadhi ya tasnifu za wakati ule. Zimeandikwa kwa Kiingereza na ziko kwenye maktaba ya Oslo. Sidhani kama yule muuguzi aliyefunguliwa vitabu vyake amewahi kuzisoma.

Na kuna kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara pale Bagamoyo, ambako watoto walichanjwa kwenye majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, ile ya RTS,S kuanzia 2009, na baadaye R21. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza itumike mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Kazi ya majaribio haitambui neno dogo. Mtoto aliyepata homa anaandikwa, mzazi aliyehama anaandikwa, na aliyeandika anatia saini. Niliwahi kujiuliza kwa nini fani moja inaandika hadi homa ya siku moja, na fani yangu, inayopitisha taarifa za watu hao hao, inaona aibu kuandika kwamba fomu ilikataa kutumwa.

Hasara ya kutoandika nimeionja mwenyewe. Mwaka mmoja baada ya kazi ya diko niliitwa kuufanyia mfumo ule marekebisho madogo. Ndani ya msimbo nikakuta mistari mitatu ambayo sikuielewa, na mimi ndiye niliyeiandika. Ilikuwa inalinganisha kila fomu inayoingia na ile iliyoitangulia, na ikikuta zinafanana inaitupa moja. Nikaona ni mzigo bure unaochelewesha kazi. Nikaifuta. Wiki mbili baadaye samaki wa diko lile waliongezeka mara tatu kwenye takwimu, na ofisini kuna waliofurahi. Nilihangaika usiku nne kabla sijakumbuka. Mtandao pale ufukweni unashika na kuachia, kwa hiyo kijana hupanda kwenye kichuguu nyuma ya vibanda vya kukaangia, huinua kishikwambi juu ya kichwa na kubonyeza “tuma” mara tatu nne mpaka aone alama ya kijani. Mistari ile mitatu ilikuwa inamlinda yeye. Kama ningekuwa nimeandika mahali popote sababu yake, hata sentensi moja, nisingeifuta.

Msimbo hueleza kompyuta ifanye nini. Kwa nini ifanye hivyo, kwa ajili ya nani, pamoja na kile kichuguu nyuma ya vibanda, hayo hayana mahali pake pengine isipokuwa kichwani mwa mtengenezaji, na kichwa husahau. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza nitakayompa kijana yeyote anayeingia kwenye kazi hii akiniuliza nahangaika na madaftari ya nini.

Sababu nyingine inanigusa zaidi, na sijawahi kuisema kwa wenzangu wengi. Katika mifumo niliyoitengeneza miaka yangu ya mwanzo, hakuna hata mmoja unaofunguka leo. Mradi ukifungwa, ada ya seva inakosa mlipaji, jina la tovuti linapita tarehe yake, na asubuhi moja unaandika anwani uliyoizoea unakuta ukurasa mweupe. Fundi wa mashua pale Bagamoyo anaweza kukaa ufukweni akamwonesha mjukuu wake chombo alichokichonga miaka ishirini iliyopita kikipita kwa mbali. Milango iliyonakshiwa ya mji mkongwe imewapita wachongaji wake kwa zaidi ya karne. Mimi nina kazi ya miaka niliyoifanya kwa moyo wote na sina cha kumwonesha mtoto wangu. Daftari ndilo linalobaki. Ndani yake ndoo bado ina uzito tulioupata na ile mizani ya kuazima.

Ninapofikiria mtu wa Bagamoyo aliyeandika, namfikiria Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alikuwa mwalimu, mtu wa hapa hapa. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 huko Ujerumani kikachapwa kitabu cha desturi za Waswahili ambacho sehemu yake kubwa ni kazi yake: kuzaliwa, elimu, ngoma, ndoa, watumwa, mazishi, mambo yanavyofanywa, hatua kwa hatua, kwa lugha ya wanaoyafanya. Maswali yalikuwa ya msomi Mjerumani, Carl Velten, na jina la Velten ndilo lililokaa mbele ya kitabu. Mtoro alioa mke Mjerumani, na mwaka 1905 walipokuja Afrika Mashariki serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka pamoja. Wakarudi Ujerumani, naye akafariki Berlin mwaka 1927 bila kurudi kuishi Bagamoyo. Namsoma kwa uchungu kwa ajili hiyo, na pia kwa shukrani. Hakuandika desturi zilivyotakiwa kuwa. Aliandika nani anakwenda mbele, nani anabeba nini, nani anapewa nini, na kama hana wanafanyaje. Hayo “kama hana wanafanyaje” ndiyo yanayokosekana katika kila andiko la mradi nililowahi kukabidhiwa.

Naye aliandika kwa Kiswahili. Kila nilichojifunza kuhusu kompyuta nilikisoma kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi niliona ndivyo ilivyo. Nilipoanza daftari nilikwama ukurasa wa pili, nikitaka kueleza kwa nini fomu inaweza kujazwa bila mtandao na kutumwa baadaye. Maneno ya Kiingereza nilikuwa nayo yote. Nikayaweka pembeni na kujaribu kueleza kama ninavyozungumza, nikagundua kwamba sehemu moja sikuwa naielewa: nini kinatokea watu wawili wakirekebisha rekodi ile ile wote wakiwa nje ya mtandao. Nilikuwa nimejificha nyuma ya neno la kigeni. Kijana wa BMU ndiye aliyenipa lugha. Yeye aliita kishikwambi “kapu” na seva “stoo”. Samaki wako kapuni mpaka stoo ifunguliwe. Basi nikauliza kwa maneno yake: makapu mawili yakifika stoo yamebeba samaki yule yule, mmoja amekatwa mkia, stoo inamwamini nani? Nilipolipata jibu, nilibadilisha mfumo pia.

Sasa kila kazi ninayoianza ina daftari lake. Siandiki kila siku. Naandika ninapokosea, ninapobadilisha jambo, na mtu anaponiambia kitu ambacho mpango haukukijua. Yakiiva nayapanga vizuri na kuwapa wanaokuja nyuma yangu, na kabla ya hapo nayapeleka nilikoyatoa. Kwa kuwa yako kwa Kiswahili naweza kuyasoma kwa sauti, na kwenye diko kusomewa kunatosha.

Mwezi uliopita nilirudi kumsomea mnadi, mzee ambaye sauti yake niliisikia ile asubuhi ya kwanza. Tulikaa chini ya mkungu, mnada umekwisha, kina mama wanakaanga, moshi unakuja upande wetu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikafungua ukurasa unaohusu mbalamwezi na giza. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba vyombo hupumzika siku kumi, akainua mkono.

“Hapo sivyo, mwanangu. Giza haliji siku moja. Mwezi ukishapita kumi na tano, kila usiku unachelewa kutoka. Ukifika wa kumi na nane, mwenye haraka ya pesa anawahi kutoka, anapiga wavu wake mmoja kabla haujachomoza, anarudi. Wengine wanangoja mpaka ishirini na kitu. Sasa wewe umeandika siku kumi, umewafunga wote kamba moja.”

Nilifuta siku kumi, nikaandika alivyosema, nikamsomea tena. Akatikisa kichwa kukubali, akakaa kimya kidogo akitazama upande wa Unguja, kisha akaniuliza kama nimeandika pia habari za mbalamwezi ya mawingu, kwa maana hiyo nayo ina mambo yake.

Nikafungua ukurasa mpya.